Bolti, mrututu na ampea: majibu kwa mafundi wa Kigoma

Toleo lililopita tulieleza kwa nini bolti za boti hushika kutu hata zikiwa zimepakwa rangi, tukagusia kwa kifupi kupaka zinki kwa umeme na kumtaja Edward Weston, mvumbuzi wa vifaa vya umeme, kwa sentensi moja. Barua zilizofuata zimetoka karibu zote mkoani Kigoma. Tumejibu zile zinazowahusu wengi.

Wahariri, salaam. Bolti za pikipiki nilizichovya kwenye maji ya mrututu, zikapata rangi safi ya shaba bila hata kuunganisha umeme. Nikifuta kwa kitambaa rangi yote inatoka. Nikajaribu chumvi ya Uvinza na siki kwa betri ya gari, zikatoka na unga mweusi. Nakosea wapi? – Fundi, Ujiji

Ndugu fundi, ni mambo mawili tofauti.

Mrututu ni shaba iliyo ndani ya chumvi yake. Chuma kikiingia kwenye maji yake, chuma huyeyuka kidogo na shaba hukaa mahali pake. Hilo hutokea ndani ya sekunde chache, umeme uwepo usiwepo. Shaba inayokaa hivyo haijashika. Ni unga juu ya chuma ambacho bado kinaliwa chini yake, na ukiongeza umeme unaongeza unene wa kitu kitakachobanduka. Viwandani hutanguliza tabaka jembamba la nikeli, au hutumia maji ya shaba yenye sianidi, ambayo hatuyaelezi hapa kwa sababu yanaua.

Kwenye chumvi na siki shida ni kwamba zinki iliyoyeyuka ni kidogo mno. Umeme ukikosa zinki ya kutosha kwenye bolti huvunja maji, mapovu ya haidrojeni yakatoka kwa wingi, na zinki kidogo inayofika ikakaa kama sponji nyeusi. Upande wa chanya chumvi inaweza kutoa gesi ya klorini. Kama upande huo uliweka kijiko au sahani ya stenlesi na maji yakageuka njano, usiyaguse kwa mkono mtupu wala kuyamwaga mtaroni: humo mna kromu yenye sumu.

Acha vyote viwili, upake zinki moja kwa moja. Kwa lita 10 za maji: zinki salfeti kilo 2.5, magneziamu salfeti gramu 500, asidi ya boriki gramu 250. Mbili za kwanza huuzwa kama mbolea kwenye maduka ya pembejeo, ila soma mfuko. Ulioandikwa zinki asilimia 21 au 22 ndio wa kilo 2.5. Ulioandikwa 33 hadi 35 una maji machache ndani yake, na kilo 1.6 zinatosha. Watu wengi hupishana hapo, kisha hulaumu betri.

Maji ya ziwa hayafai. Tanganyika ina pH (kipimo cha asidi: chini ya 7 ni asidi, juu yake si asidi) ya karibu 9 pamoja na kaboneti, na zinki ikiingia humo sehemu yake hugeuka ukungu mweupe na kuzama chini. Tumia maji ya mvua. Yaliyokingwa kwenye bati hubeba zinki kidogo, na kwa kazi hii haidhuru. Ukinunua maji ya betri dukani hakikisha ni maji safi yaliyokenekwa, maana wauzaji wengine huita asidi yenyewe kwa jina hilohilo.

Yeyusha asidi ya boriki kwanza kwenye lita 2 za maji ya moto, kwa sababu kwenye maji baridi inasumbua. Changanya vyote kwenye ndoo ya plastiki, tumbukiza vipande vya zinki vilivyosuguliwa, uache mpaka kesho. Vitatoka vimevaa ukungu mweusi. Huo ni shaba na risasi zilizokuwa zimejificha kwenye mbolea. Usugue na kuutupa kwenye chombo cha taka, kisha chuja maji kwa kitambaa kizito cha pamba. Pima kwa karatasi za pH. Unataka 3.5 hadi 4.5. Ikizidi, ongeza matone ya asidi ya betri iliyopunguzwa nguvu, huku ukikoroga.

Usafi wa bolti ndio unaoamua kila kitu. Chemsha maji hadi nyuzi 70 au 80, weka kostiki (sodiamu haidroksidi) gramu 50 kwa kila lita na sabuni kidogo, loweka bolti dakika 10. Suuza. Sasa itoe na uangalie maji yanavyoshuka juu yake: yakitanda kama kioo kwa nusu dakika, mafuta yameisha, yakijikusanya matone-matone, rudisha kwenye kostiki. Kisha kutu: asidi ya betri kipimo 1 kwenye maji vipimo 4, asidi ndiyo inayomiminwa ndani ya maji, kamwe si kinyume chake. Bolti ikae mpaka kutu iachie na itolewe mara moja, kwa sababu kila dakika ya ziada inaila. Suuza mara 2, ining'inize kwa waya wa shaba ikiwa bado mbichi. Ukiishika kwa vidole kabla ya kuichovya, alama za vidole zitaonekana kwenye zinki.

Waya wa bolti uende hasi. Chanya ni vipande vya bamba la zinki pande zote mbili za ndoo, eneo lake lisipungue eneo la bolti, umbali sentimita 10 hadi 15. Usitumie makopo ya betri kuukuu za tochi, mengine yana risasi na kadimiamu. Vifunge vipande hivyo kwenye mifuko ya kitambaa cha pamba ili mchanga unaobanduka usikae kwenye kazi.

Pamoja na bolti ning'iniza kipande cha waya wa kufungia nondo. Kazi ikiisha ukunje waya huo mara kadhaa mahali pamoja. Zinki ikimenyeka, mafuta hayakutoka. Ncha za bolti zikiwa nyeusi na zenye chembe, ampea (kipimo cha mkondo wa umeme; hesabu yake iko kwenye jibu la fundi wa Mwanga hapo chini) zimezidi. Vishimo vidogo vinatokana na mapovu yaliyong'ang'ania, tikisa kazi kila baada ya dakika 2. Rangi itakuwa kijivu kisichong'aa, na ndivyo inavyotakiwa: mng'ao hutokana na dawa nyingine za kiwandani, nao hauongezi ulinzi.

Glovu na miwani ya kazi kila wakati, mahali penye upepo, moto mbali. Na asidi isikutane kamwe na dawa ya kufanyia nguo nyeupe.

Shikamooni wahariri. Mlisema Edward Weston alisomea udaktari. Daktari alifikaje kwenye kupaka nikeli, na alipataje fedha kwa kazi hiyo? – Mwanafunzi wa ufundi, Kasulu

Marahaba, mwanafunzi wetu. Swali lako limetufurahisha, kwa sababu maisha ya Weston ni darasa zima la kazi hii.

Alizaliwa Oswestry, Uingereza, mwaka 1850. Wazazi walitaka awe tabibu naye akasoma, ila moyo ulikuwa kwenye kemia na umeme. Mwaka 1870 alivuka kwenda New York akiwa na umri wa miaka 20, na muda si mrefu akapata kazi kwenye kampuni ya kupaka nikeli. Nikeli ilikuwa bidhaa mpya yenye soko: Isaac Adams wa Boston alikuwa amepewa hataza (haki ya mvumbuzi) ya kupaka nikeli mwaka 1869, na kila mwenye jiko, taa au kifaa cha daktari alitaka king'ae.

Weston alikuta matatizo mawili. La kwanza ni chanzo cha umeme. Karakana zilitumia betri za asidi na zinki, zilizokula fedha na kupoteza nguvu kazi ikiwa katikati. Asubuhi nikeli inakaa vizuri, mchana inakuwa nyembamba, na fundi hajui. Akaanza kutengeneza dainamo, yaani mashine za kuzalisha umeme, za volti ndogo na ampea nyingi, mahususi kwa kazi hii. Mwaka 1877 ikaanzishwa kampuni ya dainamo yenye jina lake huko Newark, New Jersey. Sehemu ya fedha yake ilitoka hapo, kwa wenye karakana waliochoka na betri. Kazi yake ya taa za barabarani ilikuja baadaye.

La pili ni nikeli yenyewe kupasuka na kubanduka. Tazama kinachotokea kwenye uso wa kazi: pamoja na nikeli, haidrojeni kidogo nayo hutoka. Ikitoka, maji yanayogusa uso huo hupoteza asidi, hata kama ndoo nzima bado ina asidi ya kutosha. Pale usoni nikeli huanza kugeuka haidroksidi, ikafungiwa ndani ya tabaka, na tabaka likawa gumu lenye nyufa. Weston akaongeza asidi ya boriki, ambayo hushikilia kiwango cha asidi palepale usoni. Hataza yake ni ya 1878. Mwaka 1916 Oliver Watts, Mmarekani mwingine, alipochapisha mchanganyiko wa nikeli ambao viwanda bado vinautumia, asidi ya boriki ilikuwamo. Zile gramu 250 tulizompa fundi wa Ujiji hapo juu zinafanya kazi ileile.

Kisha akageukia kupima, na kwa maoni yetu hili ndilo kubwa kuliko yote. Vipimo vya umeme vya wakati ule vilihitaji maabara na hesabu. Joto likipanda, nyaya zake hubadili ukinzani na namba inadanganya. Weston alitafuta michanganyiko ya metali ambayo joto haliisumbui sana, ndipo zikapatikana zile tunazoziita leo konstantani na manganini. Mwaka 1888 akaanzisha kampuni ya vipimo, ikauza ampea mita na volti mita ambazo fundi anaziweka mezani na kusoma sindano. Mwaka 1893 akapata hataza ya seli (betri ndogo) ya kadimiamu na zebaki inayotoa volti 1.0183 bila kuyumba. Akaachia haki zake juu ya seli hiyo ili itumike kama kipimo cha dunia, na mwaka 1911 ikawa hivyo. Alifariki mwaka 1936 akiwa na hataza zaidi ya 300.

Ukitazama mpangilio wake, bidhaa zake nyingi zilitokana na kero alizokutana nazo ndooni: betri zikamleta kwenye dainamo, nyufa zikamleta kwenye boriki, ampea zisizojulikana zikamleta kwenye vipimo. Mwanafunzi anayetaka biashara aanze kwa kuandika kero za karakana anakofanya mazoezi.

Nina betri ya sola ya volti 12 na chaja ya gari. Nichukue ipi, na nitajuaje umeme umetosha? – Fundi umeme, Mwanga

Betri. Chaja nyingi za kisasa hukataa kutoa umeme zisipoona betri mbele yake. Lakini ndoo ya zinki inahitaji volti 2 au 3 tu. Ukiiunganisha moja kwa moja na 12, bolti zitaungua nyeusi kwa dakika chache. Weka balbu ya taa ya gari ya wati 55, ya waya na si ya LED, kwenye njia ya umeme kati ya betri na ndoo, pamoja na fyuzi ya ampea 10 karibu na nguzo ya chanya. Balbu itabeba volti zilizobaki na kuachia takriban ampea 4.2. Balbu ya wati 21 huachia kama 1.6. Balbu 2 za wati 55 zilizowekwa sambamba huachia zaidi ya 8. Ndiyo, sehemu kubwa ya umeme inapotea kuwa mwanga na joto, lakini kwa anayeanza ni rahisi na haiharibu kazi.

Sasa hesabu. Ampea hupangwa kwa eneo. Kwa mchanganyiko huu tumia ampea 1 hadi 2 kwa kila sentimita za mraba 100. Bolti ya M10 (kipenyo milimita 10) yenye urefu wa milimita 60, ukijumlisha kichwa na nyuzi, ina karibu sentimita za mraba 30. Bolti 10 ni 300, kwa hiyo ampea 4.2 za balbu moja zinaangukia 1.4 kwa kila 100. Barabara.

Ampea 1 kwa saa 1 huleta gramu 1.22 za zinki. Hiyo ni kanuni ya Faraday na haibadiliki Kigoma wala Ulaya. Ampea 4.2 kwa nusu saa ni gramu 2.56, toa asilimia 5 iliyoishia kwenye mapovu, unabaki na 2.4. Ikitandazwa juu ya bolti zile 10, unene ni kama maikroni 11 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Ukiwa na mizani ya sonara, pima bolti zikiwa kavu kabla na baada. Zikiongezeka gramu 1 tu badala ya 2.4, kuna mahali panapovuja umeme au waya haujashika.

Angalia jambo moja ambalo wengi hawalitarajii: zinki ya maikroni 10 kwenye nyuzi hunenepesha kipimo cha nyuzi kwa karibu maikroni 40, kwa sababu nyuzi zina miteremko miwili kila upande. Nati iliyokuwa inaingia kwa kidole itadai spana. Jaribu nati kabla ya kuchovya, chagua zilizo legelege.

Ampea mita usiikwepe. Multimita za bei nafuu zimeandikwa ampea 10, lakini soma maandishi madogo kwenye tundu: nyingi haziruhusu zaidi ya sekunde 10. Nunua mita ya kufunga ubaoni yenye shanti yake, yaani kipande cha metali kinachopitisha umeme mwingi ili mita iupime. Ule utepe wa metali ya kahawia kwenye shanti mara nyingi ni manganini, ile ya Weston.

Umeme ukikatika kazini, toa bolti. Usiziache ndani zikisubiri. Suuza, zichovye sekunde 5 kwenye asidi dhaifu sana, suuza tena, endelea. Zinki inasamehe. Nikeli haisamehi: ikikatishwa hujivika ngozi isiyoonekana, na tabaka la pili hubanduka lote.

Natengeneza boti za mbao Kibirizi. Zinki hiyo itafaa kwa misumari na bolti zinazokaa majini? Na springi nilizopakiwa zinki kiwandani mbona zilikatika zenyewe?

Kwa kitu kinachokaa majini, nunua zilizochovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi 450. Hizo hubeba maikroni 45 na zaidi. Za umeme ni 5 hadi 12, zinafaa juu ya maji na ndani ya banda. Habari njema ni kwamba zinki inaipenda pH ya ziwa letu, maana huteseka zaidi kwenye asidi na kwenye matone ya umande yasiyokauka. Baada ya kukaza, paka grisi nzito kwenye kichwa na nati. Wajerumani walipoizamisha Graf von Goetzen mwaka 1916, meli ya Ziwa Tanganyika ambayo leo inaitwa Liemba, waliipaka injini grisi kwanza. Iliinuliwa 1924 na mwaka 1927 ikarudi kazini.

Springi zilikatwa na haidrojeni. Asidi ya kutoa kutu na mkondo wa umeme huisukuma haidrojeni ndani ya chuma kigumu, kikawa kama kigae: springi inakaa salama usiku, asubuhi ina nyufa, hata kama haijabeba mzigo mkubwa. Viwandani huokwa nyuzi 190 hadi 220 ndani ya saa chache baada ya kuchovywa, kwa saa 4 na zaidi. Kwa fundi asiye na oveni inayopimika, jibu ni kutochovya kabisa. Soma namba ya uimara kichwani mwa bolti: 8.8 na chini yake haina shida hiyo, 10.9 ni ya kuogopa, 12.9 iache kama ilivyo. Springi ipakwe rangi yenye zinki. Na tafadhali, tanuri la mikate si mahali pa kuokea vyuma hivi.

Naweza kupaka vijiko fedha au rimu kromu nyumbani? – Msomaji, Gungu

Hapana, dada. Fedha inayoshika vizuri inatoka kwenye sianidi tangu George Elkington wa Birmingham alipopata hataza yake mwaka 1840, na kromu ya kawaida inatoka kwenye asidi ya kromiki inayosababisha saratani ya mapafu. Zinki nayo isipakwe kwenye chombo cha chakula, kwani ndimu na nyanya huiyeyusha. Rimu ya kromu ikibanduka, mara nyingi ilikosa nikeli ya kutosha chini. Kromu yenyewe ni chini ya maikroni 1.

Jirani yangu hapa Katonga anapaka vyuma zinki na maji yake yanaingia mtaroni hadi ziwani. Ni salama?

Si salama, mama. Zinki iliyoyeyuka huharibu matamvua ya samaki kwa kiasi kidogo sana, na mtaro huo unaishia pale dagaa wanapovuliwa. Mweleze hivi, maana itampunguzia pia gharama.

Awe na ndoo 2 za kusuuzia. Ya kwanza ina maji ya mvua yasiyobadilishwa; bolti zote zinapita hapo kwanza, na ndoo ya zinki ikipungua kwa mvuke inajazwa kwa maji hayo. Hivyo dawa nyingi inarudi kazini. Ndoo ya pili ndiyo inayochafuka kidogo kidogo. Ikifika mwisho, pamoja na asidi iliyochoka, atie chokaa kidogo kidogo huku akikoroga, asidi itatoa povu na joto, mpaka karatasi ya pH isome 9 hadi 9.5. Asivuke 11, kwani zinki iliyokwisha kuzama itayeyuka tena. Aache usiku kucha. Tope litakaa chini, maji ya juu yatakuwa maangavu. Ayapime tena, na yakiwa bado na ukungu asiyamwage.

Tope likaushwe juani kwenye beseni mbali na kuku na watoto, liwekwe kwenye ndoo yenye kifuniko. Asilitie shambani kwa kuwa mbolea ilikuwa zinki: sasa lina chuma na huenda risasi. Kama anafanya biashara, aulize ofisi ya mazingira ya halmashauri au NEMC (baraza la taifa la mazingira) kuhusu kibali na mahali pa kulipeleka. Ndoo hiyo iandikwe SUMU kwa rangi isiyofutika, na isichotewe maji tena.